Lava waliokufa siku ya nne: kisa cha kutotolesha kamba weupe Mikindani

Kati ya Septemba na Machi, kikundi cha watu 7 cha Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, kilitotolesha kamba weupe mara 5. Mara tatu za mwanzo lava wote, yaani watoto wachanga wa kamba wasiofanana bado na wazazi wao, waliteketea kati ya siku ya nne na ya sita baada ya mayai kutagwa, mara ya nne wakavuka, na mara ya tano kazi ikaharibikia mahali pengine kabisa. Nilikuwa nikikisaidia kikundi hicho kwa upande wa hadubini na vipimo vya maji. Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kilichowaua lava wale kilikuwa mbele yetu tangu siku ya kwanza, nasi tukakitafuta katika maji, katika vijidudu vya maradhi na hata katika usingizi wa mlinzi wa usiku.

Kamba mweupe, ambaye wataalamu humwita Penaeus indicus, ndiye anayeongoza kwa wingi miongoni mwa kamba wa kina kifupi wanaovuliwa Tanzania. Hutaga baharini, watoto wake huingia mikokoni kukulia, na akikaribia kukomaa hurudi kwenye maji ya wazi. Wenye mabwawa ya samaki wa mwatiko huko Mtwara na Lindi humpata kwa bahati: maji ya bamvua yakija hufungua mlango wa bwawa, yakaingia maji na chochote kilichomo, na siku ya kuvua mwatiko hukuta na kamba wa kilo mbili tatu chini ya nyavu. Kikundi kilitaka mwenye bwawa aweze kununua vifaranga wa kamba kwa idadi inayojulikana, kama anavyonunua vifaranga wa kuku, bila kuvizia watoto wa bahari mikokoni. Lengo hilo naliona kuwa jema na bado naliunga mkono.

Ili kisa kieleweke, inabidi kwanza nieleze maisha ya mnyama huyu katika siku zake 12 za mwanzo, maana jibu lote limo humo. Kamba jike wa jamii hii habebi mayai tumboni kama afanyavyo kaa au kambakoche. Huyaachia majini usiku, makumi ya maelfu kwa mara moja, na wakati mwingine malaki. Kila yai lina upana wa robo ya milimita au zaidi kidogo. Baada ya muda wa saa 12 hadi 18 hutoka naupli, kiumbe mdogo mwenye jozi tatu za miguu, anayeogelea kwa kurukaruka na kusimama, na anayekimbilia mwanga kiasi kwamba ukiwasha taa upande mmoja wa tangi unaweza kuwachota kwa bakuli. Naupli hali chochote. Anaishi kwa kiini cha yai alichozaliwa nacho, na kwa akiba hiyo hujivua gamba mara kadhaa katika muda wa siku mbili hivi.

Kisha anageuka kuwa zoea. Neno hili limetoka lugha za kigeni na halihusiani na kitenzi chetu cha kuzoea, ingawa limenisumbua kila nilipolitaja mbele ya kikundi. Zoea ana mwili mrefu, mkia uliogawanyika, na tumbo linalofanya kazi kwa mara ya kwanza. Huogelea mbele bila kupumzika akichuja mwani wa hadubini, yaani ule mwani wa chembe mojamoja usioonekana kwa macho, ambao ukizidi ndio unaoyapa maji rangi ya kijani au ya chai. Hatua hii huchukua siku 4 hadi 6. Baada yake huja misisi, anayefanana tayari na kamba na kuogelea kinyumenyume kichwa kikiwa chini, na huyu huanza kukamata wanyama wadogo. Siku tatu au nne baadaye ni kifaranga kamili.

Kikundi kilikuwa na chumba kimoja cha matofali karibu na ufuko, matangi mawili ya plastiki ya lita 500, mapipa manne, pampu ya hewa ya umeme na nyingine ya betri. Maji yalivutwa wakati wa kujaa, yakachujwa, yakatiwa jiki kuua kila kilichomo, kisha yakapigwa hewa kwa siku mbili mpaka harufu ikaisha. Majike waliletwa na wavuvi alfajiri ndani ya ndoo. Jike aliyeiva hutambulika kwa urahisi: ukimwinua kwenye mwanga unaona mfuko wa mayai kupitia gamba la mgongo, utepe mzito wa kijani kilichofifia unaoanzia kichwani na kushuka mpaka mkiani. Mama Mwenyekiti, aliyeuza samaki sokoni miaka mingi kabla ya kuingia kazi hii, aliwachagua kwa haraka kuliko mtu yeyote niliyemwona, na katika mara zote tano hakukosea hata mara moja. Kuna wanaokata shina la jicho moja la kamba jike ili kuharakisha uivaji wa mayai, kwa kuwa humo mna tezi inayouzuia. Kikundi kilishauriwa kufanya hivyo, kikakataa, nami nilifurahi, kwa sababu pale ambapo bahari inaleta majike walioiva sioni sababu ya kumtia mnyama kilema.

Mara ya kwanza, mwishoni mwa Septemba, kusi ikiwa imeanza kulegea, jike mmoja alitaga usiku wa manane. Jioni ya siku iliyofuata tangi lilijaa naupli, na wanakikundi walikaa kulitazama mpaka usiku kama watu waliopata mtoto. Siku ya tatu tuliona zoea wa kwanza. Siku ya nne mwendo wao ulipungua. Siku ya tano walikuwa wamelala chini ya tangi kama vumbi jeupe, na kilichobaki kikiogelea kilihesabika. Mara ya pili, mwezi Oktoba, mambo yalijirudia kwa tofauti ya saa chache tu.

Hapo ndipo kila mmoja alipotafuta mkosaji wake. Mkosaji wa kwanza alikuwa mlinzi wa usiku, mzee mmoja wa pale mtaani, kwa sababu umeme ulikatika usiku wa tatu na ilidhaniwa kwamba alichelewa kuwasha pampu ya betri. Mzee yule aliapa kwamba hakulala, lakini mwishowe akaomba radhi kwa kosa asilolifanya ili amani irudi. Mkosaji wa pili yalikuwa maji. Mkosaji wa tatu yalikuwa maradhi, na hili ndilo lililoshinda, kwa kuwa mtu mmoja mwenye ujuzi wa ufugaji aliyepita pale alisema kwa uhakika kwamba vifo vya namna hii ni bakteria, akaelekeza ile dawa ya unga wa njano inayotumiwa kwa kuku, yaani oksitetrasaiklini, itiwe tangini tangu siku ya pili.

Dawa ikatiwa mara ya tatu, mwezi Novemba. Lava wakafa siku ya tano.

Katika jambo hili la dawa nasimama imara. Ni kweli kwamba wapo bakteria wanaoangamiza lava wa kamba, hasa wa jamii ya Vibrio, na vituo vikubwa vya Asia vimepoteza matangi mengi kwa sababu yao. Lakini dawa ile ikitiwa kwenye maji ya bahari hushikamana na magnesiamu na kalsiamu zilizojaa humo, na sehemu kubwa yake hupoteza nguvu kabla ya kumfikia bakteria yeyote. Kiasi kinachobaki hai ni kidogo, na dozi ndogo isiyoua ndiyo inayowafunza bakteria kuishi na dawa. Maji ya tangi lile yalimwagwa kwenye mfereji unaoingia ghubani, mahali watoto wanapookota kome. Tulifanya hivyo bila kupima kitu chochote, na kama kungekuwa na ugonjwa kweli tusingeujua hata hivyo.

Baada ya mara ya tatu niliomba turudi nyuma tuulize maswali tuliyoyaruka. Lipo jaribio moja la maradhi lisilohitaji maabara: baadhi ya Vibrio hutoa mwanga, na lava walioambukizwa huonekana gizani kama cheche za kijani zilizotawanyika majini. Tulikuwa tumebakiza ndoo moja ya lava wa mara ya tatu waliokuwa wakikata roho. Usiku ule tulizima taa zote, tukafunga dirisha kwa khanga, tukakaa kimya kwa dakika 10 ili macho yazoee giza. Hatukuona kitu. Kijana mmoja alisema aliona, tukasogea, ikawa ni taa ndogo ya pampu ya betri inayomulika kwenye plastiki. Jaribio hilo halifuti bakteria wote, lakini liliondoa wale tuliokuwa tukiwaogopa zaidi.

Swali la pili lilikuwa la maji, na hapa jibu lilitoka kwa lava wenyewe. Kama jiki ingekuwa imebaki, au chumvi ingekuwa imeshuka, au joto lingekuwa baya, naupli ndiye angekufa kwanza, kwa kuwa ndiye mchanga na laini kuliko wote. Katika mara zote tatu naupli walipita salama, siku mbili nzima, katika maji yaleyale. Kipima chumvi kilisoma 34 na 35 kwa elfu, na joto la tangi lilikuwa kati ya nyuzi 27 na 29. Tulikuwa basi na maji yanayomlea asiyekula na kumuua anayekula. Niliposema hivyo kwa sauti, binti aliyesimamia mapipa ya mwani, ambaye alikuwa amesoma katika kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi iliyopo hapohapo Mikindani, alinyanyua uso akaniuliza, "Kaka, tumewahi kuangalia tumboni mwao?"

Hatukuwahi. Tulikuwa tumewaangalia wakiwa hai kwa macho, na tukawaangalia wakiwa wafu kwa hadubini, lakini hatukuwahi kumweka zoea hai chini ya kioo na kumtazama ana nini ndani. Tulichota tone kutoka kwenye ndoo. Zoea ni mwangavu kama plastiki nyembamba, kila kitu chake kiko wazi: jicho, moyo unaodunda kwa kasi, na katikati ya mwili mfereji wa utumbo unaonyooka mpaka mkiani. Zoea aliyeshiba huwa na utumbo uliojaa rangi ya kahawia au kijani, na nyuma yake huburuta uzi wa kinyesi, mara nyingi mrefu kuliko mwili wake, unaopepea kila anapogeuka. Tuliangalia 20. Utumbo wa kila mmoja ulikuwa mfereji mtupu, mweupe kama glasi iliyooshwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uzi.

Walikufa njaa, na tangi lao lilikuwa likitiwa ndoo ya mwani kila siku mbele ya macho yetu.

Kuhesabu ndiko kulikotuonyesha namna jambo hilo lilivyowezekana. Nilipata kwa mkopo kile kioo chenye mistari ambacho maabara za hospitali hutumia kuhesabia chembe za damu. Mraba wake mkubwa wa milimita moja, wenye kina cha sehemu moja ya kumi ya milimita, hushika tone dogo sana, na idadi ya chembe unazoziona humo ukiizidisha mara 10,000 unapata idadi katika mililita moja. Zoea wa kamba huhitaji mwani wa Chaetoceros usiopungua chembe 50,000 kwa mililita, na wafugaji wengi hulenga 100,000. Pipa letu lilikuwa na 200,000. Ndoo moja ya lita 20 kutoka humo, ikimiminwa katika tangi la lita 500, inatoa chembe 8,000 kwa mililita. Nilipoweka tone la maji ya tangi chini ya kioo niliona chembe 1 katika mraba mzima. Tone la pili halikuwa na kitu. La tatu likawa na 1. Na kila asubuhi, kwa kutaka usafi, tulikuwa tukibadilisha nusu ya maji kupitia kitambaa cha chujio, ambacho kinamzuia lava asitoke lakini kinaachia mwani upite. Kile kidogo tulichowalisha usiku tulikimwaga mfereji alfajiri.

Rangi ndiyo iliyotudanganya. Ndoo ya mwani ikimiminwa hutengeneza wingu la rangi ya chai linalotandaa polepole, na mtu aliyesimama juu ya tangi anaridhika kwamba amelisha.

Sababu ya mwani kuwa haba ilikuwa na matabaka mawili. La kwanza ni wakati. Mwani ulipandwa siku ileile jike alipoletwa, kwa hesabu kwamba mayai na naupli watachukua siku tatu. Lakini kutoka chupa ya lita moja hadi dumu la lita 20 ni siku tatu au nne, na kutoka dumu hadi pipa la lita 200 ni siku nyingine tatu. Zoea alifika mezani chakula kikiwa bado shambani. La pili lilikuwa mbolea. Kikundi kilitumia urea na TSP, yaani mbolea ya fosfati, za duka la pembejeo, na mwani ulikua vizuri siku mbili, kisha ukafifia, ukashikana vibonge na kuzama. Chaetoceros ni dayatomu, na kila chembe ya dayatomu hujijengea ganda la silika, kitu kilekile kinachotengeneza kioo. Maji ya bahari yana silika kidogo; ikiisha, chembe haiwezi kugawanyika hata ukiirundikia urea gunia zima.

Nakumbuka jinsi tulivyoipata silika kwa sababu ilitupa matumaini wakati ambapo watu wawili walikuwa wamekwishaamua kujitoa. Tuliandika majina ya kemikali kwenye karatasi, tukajiandaa kuagiza Dar es Salaam, na Mama Mwenyekiti aliposoma neno sodiamu silikati akasema kwamba hiyo anaijua: ndiyo ile inayotiwa kwenye sabuni ya mche, na shemeji yake alikuwa akiinunua Mtwara mjini kwa madumu. Ni uji mzito usio na rangi. Gramu 5 au 6 zilitosha pipa la lita 200, mradi ziyeyushwe kwanza katika maji baridi yasiyo na chumvi na kumiminwa polepole huku maji yakikorogwa, kwani zikiingia kwa mkupuo huganda na kushuka chini. Siku ya nne pipa lilisoma chembe 1,100,000 kwa mililita. Sasa lita 50 za pipa hilo ziliweza kulifikisha tangi zima kwenye 100,000.

Hilo la silika lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa la wakati, kwa sababu hakuna anayejua siku gani wavuvi wataleta jike aliyeiva. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa baada ya wiki tatu za maji mafu na upepo. Ili chakula kimsubiri lava, ni lazima chupa, dumu na pipa ziwepo kila siku, kila kimoja kikizaa kinachofuata, hata mwezi mzima ukipita bila kamba mmoja chumbani. Katika kikao cha Desemba hoja hii ilizua mvutano mrefu. Waliopinga walisema kikundi hakiwezi kumlipa mtu posho ya kuhudumia maji ya rangi, na walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani wote walikuwa wameweka fedha zao na hakuna aliyekuwa amerudishiwa shilingi. Binti wa mwani hakusema neno kwa muda mrefu. Mwishowe alieleza kwamba amekuwa akija kila siku tangu Septemba, na malipo yake ni ya siku zile tu ambazo kamba walikuwepo. Baada ya hapo kura ikapigwa, na posho ya kila siku ikapita kwa watu 5 dhidi ya 2.

Ni vema kujua kwamba wa kwanza kufika mahali tulipokwama hawakuwa sisi. Mjapani Motosaku Fujinaga alifanikiwa kutagisha kamba wa aina iitwayo kuruma ndani ya matangi mwaka 1934, na lava wake nao walishindwa kuvuka zoea mpaka yeye na wenzake walipowalisha dayatomu wa jina la Skeletonema. Ufugaji mkubwa wa kamba wa Asia umejengwa juu ya jibu hilo la chakula cha siku ya tatu. Nililisoma zamani na nilikuwa nalo kichwani wakati wote lava wa Mikindani wakifa, na hilo linaniuma hadi leo.

Jike wa nne aliletwa wiki ya pili ya Januari, mvua zikiwa zimeanza. Maji tuliyavuta kwenye kilele cha bamvua ili yatoke nje ya ghuba na si mtoni, yakasoma chumvi 33. Naupli tulikadiria kuwa 40,000 kwa kuhesabu vikombe vya sampuli. Safari hii mwani ulitangulia: tuliumimina tangini naupli wakiwa bado katika hatua ya mwisho, ili zoea wa kwanza ageuke huku chakula kikiwa kimemzunguka. Hatukubadilisha maji kwa siku tatu. Tuliongeza tu, tukianza na tangi lililojaa nusu. Kila baada ya saa 6 binti alihesabu chembe, akaandika, na kujazia pengo.

Asubuhi ya siku ya nne, siku ya kufa, nilichota kikombe na kukiinua kwenye mwanga wa mlango. Kila zoea alikuwa akiburuta uzi. Walikuwa mamia katika kikombe kile, na nyuzi zao za kahawia zilipishana majini kama nyuzi za mfumaji, bila kusimama. Mama Mwenyekiti alikichukua kikombe, akakitazama, akatoka nacho nje mpaka kwa mzee mlinzi aliyekuwa akijiandaa kwenda kulala. Alimwambia, "Shikamoo mzee. Hawa ndio tuliokusingizia." Mzee akaitikia marahaba, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akauliza ni yupi anayekula. Akajibiwa kwamba wote. Siku ya kumi na mbili tulikuwa na vifaranga wapatao 17,000, ambao walikwenda kwenye kizimba cha nyavu ndogo ndani ya bwawa la mwatiko.

Mara ya tano, mwanzoni mwa Machi, zoea walivuka vizuri zaidi, na tukaangushwa na misisi. Misisi hulishwa artemia, kamba wadogo sana wa maji ya chumvi kali ambao mayai yao makavu huuzwa kwenye makopo, mengi yakitoka ziwa la chumvi la Utah huko Marekani. Mayai mazuri hutoa naupli wasiopungua 200,000 kwa gramu moja baada ya saa 24 katika maji ya nyuzi 28, yenye mwanga na hewa nyingi. Ya kwetu yalitoa chini ya 40,000. Kopo lilikuwa lilelile la Januari, likiwa limefunguliwa na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, kisha likakaa wiki sita juu ya rafu katika chumba ambacho kuta zake hutoa jasho wakati wa mvua. Yai la artemia hulala salama likiwa kavu, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 10. Likivuta unyevu kidogo huamka nusu: haliwezi kuanguliwa, lakini huanza kula akiba yake, na siku ya kutiwa majini halina nguvu ya kupasua ganda. Misisi walipungua siku hadi siku, na tulimaliza na vifaranga kama 6,000. Makopo sasa yanagawanywa katika chupa ndogo kavu zenye mfuniko wa kubana na kuwekwa kwenye friji ya jirani, na kila chupa inapimwa kwa kuangua gramu moja kabla jike hajanunuliwa.

Mwenye shamba la chumvi mmoja wa Lindi aliposikia habari za artemia aliniuliza kwa nini asiwamwage katika mabwawa yake ya kukaushia ili awe anavuna mayai mwenyewe. Linawezekana, na pwani ya Kenya, upande wa Malindi, walipandikizwa artemia wa Marekani katika mashamba ya chumvi miaka ya 1980 na wakazaana. Nilimsihi asifanye hivyo kwa uamuzi wake peke yake, bila mamlaka za uvuvi kuhusishwa, kwa sababu mnyama mgeni akishaingia katika maji hayo haondolewi.

Nilipoondoka Mikindani mwishoni mwa Machi hapakuwa na jike wala lava. Matangi yalikuwa yameoshwa na kufunikwa. Kwenye kona, chupa mbili, madumu matatu na pipa moja vilikuwa vikitokota hewa chini ya taa, na daftari lililoning'inia ukutani kwa uzi lilikuwa na mstari wa asubuhi ile kwa mwandiko wa binti: tarehe, joto 28, chumvi 33, pipa 1,150,000, jike hakuna.